Kasi ya Intaneti Nyumbani kwa Bi Leokadia

Nchi ninayoisimulia hapa haina kasoro yoyote, na ndiyo maana silitaji jina lake. Naogopa wageni watakuja wengi na sisi wenyewe tukose pa kukaa. Ina bendera, ina wimbo, ina Baba Mlezi ambaye ametulea tangu baba yangu hajaoa, na ina Wizara ya Kasi, ambayo kazi yake ni kuhakikisha mambo yanakwenda mbio. Waziri wa Kasi akisafiri, barabara hufungwa saa tatu kabla, ili yeye apite haraka.

Katika nchi hiyo, mtaa wa Bomba Jipya, aliishi Bi Leokadia Kabuje, mjane aliyepanga barua posta kwa miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu. Alikuwa na mtoto mmoja, Yusto, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo cha uuguzi. Nasema wa mwisho, ingawa mwaka huo wa mwisho ulikuwa umeingia mwaka wa pili, kwa kuwa matokeo ya mtihani yalikuwa bado yanatafakariwa. Bila matokeo hakuna cheti, na bila cheti mtu haruhusiwi hata kumfunga mgonjwa bandeji.

Jumatatu moja wanafunzi wa chuo hicho walivaa sare zao nyeupe wakaenda wizarani kwa miguu, kuuliza matokeo. Hawakufika. Saa nane mchana redio ilitangaza kwamba hakuna mtu aliyekamatwa. Bi Leokadia alikuwa anachambua mchele. Aliposikia hivyo aliweka ungo chini, maana hakuna mtu aliyekuwa ameuliza.

Jioni hiyo intaneti ya simu ilizimwa nchi nzima. Ilielezwa kwamba haikuzimwa, imepumzishwa.

Kesho yake alikwenda kituo cha polisi pamoja na jirani yake, Mama Asteria, ambaye binti yake alisoma darasa moja na Yusto na naye hakurudi. Walipokewa na karani mwenye tai pana.

"Shikamoo, mwanangu si mwanangu, nakuamkia tu unisaidie," alisema Bi Leokadia, ingawa yule karani alikuwa na umri wa kuzaliwa naye. "Namtafuta Yusto Kabuje."

"Mama, hapa hatujamshika mtu," karani alijibu kwa upole. "Wale vijana ni wageni wa serikali. Wako katika kile kiwanda cha zamani cha sabuni, wanazungumza na serikali."

"Basi nimchukue akimaliza kuzungumza."

"Una namba yake?"

"Namba gani?"

"Serikali haiwezi kuwa na orodha ya watu isiowashika, Mama. Hiyo itakuwa ni kukiri. Lakini wale wanasheria wao wakorofi wamebandika orodha kwenye mtandao, ina majina na namba. Ukiniletea namba, nitamtafuta. Mwisho Jumatatu ijayo. Baada ya hapo asiye na mwenyewe atapelekwa Kambi ya Uzalendo, kule nyikani, akafundishwe kupenda kwao."

Ofisi ya wanasheria hao ilikuwa imefungwa na manispaa asubuhi hiyohiyo ili ipuliziwe dawa ya mende. Ukabaki mtandao.

Sasa, katika mtaa mzima wa Bomba Jipya, ni Bi Leokadia peke yake aliyekuwa na intaneti ya waya. Aliivuta kwa ajili ya masomo ya Yusto: kiboksi chenye taa nne juu ya kabati la vyombo, na kompyuta iliyokuwa ikifunikwa kitambaa cha kufuma. Aliketi, akaandika anwani ya ukurasa kidole kimoja kimoja, akangoja. Kile kiduara cha kusubiri kilianza kuzunguka. Alifua, akaanika, akarudi, kinazunguka. Alipika uji, haukunyweka, akaurudisha jikoni. Alipokaa tena palikuwa na mstari mmoja wa kichwa cha habari, ORODHA YA, na chini yake weupe mtupu.

Wizara ya Kasi ilikwishaliona jambo hili. Jumatano magazeti yalitoa taarifa ya Waziri kwamba intaneti yetu ndiyo yenye kasi kuliko zote barani, na kwamba anayeona inakwenda polepole achunguze nyumba yake kabla hajachunguza nchi yake. Palikuwa na mwongozo. Bi Leokadia aliukata kwa mkasi na kuufuata mstari kwa mstari, kama alivyofuata kanuni za posta. Alichomoa plagi, akahesabu hadi thelathini, akachomeka. Alisogeza kiboksi mbali na ukuta. Alizima friji, kwa kuwa mwongozo ulisema vyombo vya umeme hugombania mawimbi. Alifungua madirisha ili kasi ipate pa kuingilia. Mstari wa mwisho ulisema: *Jiulize kama kweli unauhitaji ukurasa huo.* Alijiuliza. Akapiga simu Dawati la Faraja, ambako wizara hupokea malalamiko.

Alipokelewa na binti mwenye sauti laini.

"Mama, jaribu kufungua ukurasa wa Baba Mlezi."

Ulifunguka kabla hajainua kidole. Baba Mlezi akatokea anapanda mti, anacheka, ndege wanalia, maji yanatiririka, picha safi kama dirishani.

"Umefunguka?"

"Umefunguka, mwanangu."

"Basi intaneti yako ni nzima, Mama. Hongera."

"Lakini huu mwingine haufunguki. Nina mtoto kwenye huu mwingine."

Yule binti alipozungumza tena sauti haikuwa laini, ilikuwa ya mtu. "Nakuandikia fundi, Mama," alisema. "Naandika ni haraka." Akakata.

Alhamisi asubuhi fundi alifika. Alikuwa mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa uzi, jina lake Hamduni. Hakuja peke yake. Sheria inataka fundi anayeingia nyumbani kwa raia aongozane na Afisa wa Utulivu wa Kaya, na huyo alikuwa Bwana Chrispini Ndalo, aliyevaa suti ya rangi ya udongo na kubeba hotuba yake mfukoni.

"Ndugu mwananchi," Bwana Ndalo alisoma, amesimama kati ya meza na kabati, "serikali yako sikivu imesikia kilio chako cha kasi. Katika nchi nyingine, mama kama wewe angeachwa ahangaike. Hapa, serikali imekuja mpaka sebuleni!" Akamtazama fundi, na fundi akapiga makofi.

Ukaguzi ulianza. Bwana Ndalo aliagiza kabati lihamishwe, kwa kuwa mbao nene hunywa mawimbi. Aliagiza picha ya marehemu mume wa Bi Leokadia iteremshwe, kwa kuwa ilitazama kiboksi moja kwa moja. Aliuliza kama ndani ya nyumba kuna mtu mwenye kinyongo. Kisha fundi akapima kasi kwa ukurasa maalumu wa wizara, na mshale ukaruka hadi mwisho.

"Ajabu!" alisema Bwana Ndalo. "Hata ofisini kwangu haifiki hapo. Saini hapa kwamba umeridhika."

"Sijaridhika, baba. Orodha haijafunguka."

"Hapo hapaulizi orodha. Panauliza kasi."

Bi Leokadia alisaini. Alisaini kwa sababu aliona mkono wa fundi, nyuma ya mgongo wa Bwana Ndalo, ukimwashiria asaini. Na kweli, baada ya saini Bwana Ndalo alitoka uani kupiga simu ya kuripoti ushindi, na Hamduni akainama kama anayekusanya nyaya zake.

"Dada, sikiliza, sina muda," alinong'ona. "Hawajaufunga ule ukurasa. Katiba inakataza kufunga ukurasa. Haikatazi kuuchelewesha. Wameuminya mpaka upite tone kwa tone. Mimi siwezi kuuachia, mkono wangu haufiki huko. Lakini wale wanasheria wameweka picha ya kila mtoto, na picha ni nzito, ndizo zilizokwama mlangoni. Ngoja nizizime upande wako. Yatakuja maandishi peke yake."

Alibonyeza mahali, akabonyeza tena.

"Sura zao sitaziona?"

"Hutaziona. Utaona jina na namba. Na usiondoke hapo, maana ikikatika inaanza upya." Akafunga mkoba. Bwana Ndalo aliporudi alimkuta fundi anasifia unene wa ukuta.

Gari lao halijafika barabara kuu, jina la kwanza lilitokea. *1. Abeli Msongole.* Baada ya robo saa likatokea la pili. Bi Leokadia alichukua daftari la Yusto lililokuwa na kurasa tupu na kuanza kunakili, kwa ule mwandiko wa posta ambao mtu yeyote angeusoma. Yalikuja kwa mpangilio wa herufi, na alijua hesabu ya herufi kuliko watu wengi: Yusto angekuwa karibu na mwisho.

La kumi na nne lilikuwa *Asteria Lwimbo*. Bi Leokadia hakuthubutu kuinuka. Aliita kwa sauti kupitia dirishani mpaka koo likamkwaruza, na Mama Asteria akaja mbio na mikono yenye unga. Alilisoma jina. Akaligusa kwa kidole, unga ukabaki kwenye kioo.

"Mama Yusto, ni yeye?"

"Ni yeye. Kumi na nne. Mwambie Baba Asteria aende sasa hivi, asingoje kesho."

Baba Asteria alikwenda, akasaini, akarudi na binti yake kabla jua halijazama. Asteria alikuwa na jicho lililofumba. Alisema Yusto alikuwa chumba kingine na yeye hakumwona tangu Jumanne. Hakusema zaidi, na mama yake alimwogesha kama mtoto mchanga.

Habari ilienea. Kufikia Ijumaa saa nne wazazi walikuwa wamekaa kwenye ngazi za Bi Leokadia, wengine wametoka mitaa ya mbali. Waliketi kimya kama wanaongoja dawa, na kila jina lilipotokea Bi Leokadia aligeukia dirishani akalisoma kwa sauti. *Editruda Komba.* Hakuna aliyeitika. *Fidelisi Mgaya.* Mzee mmoja aliinuka, akakaa tena, vijana wakamshika. Mama Asteria alimletea Bi Leokadia chakula akamlisha kwa kijiko, naye akila bila kuondoa macho kwenye kioo. Umeme ulipoyumba Jumamosi, watu wote pale ngazini walisimama kwa pamoja wakaitazama taa ya kiboksi bila kupumua. Haikuzimika.

Serikali, kwa upande wake, ilifurahi sana. Bwana Ndalo alipita na mpiga picha, akapiga picha umati ule, na gazeti likaandika kwamba wananchi wamejaa nyumbani kwa mstaafu mmoja kushuhudia kasi.

Jumapili alasiri zilifika herufi za mwisho. Ngazini walibaki watu wachache. *309. Winifrida Sanga.* Bi Leokadia alijifuta jasho la viganja kwenye kanga. *310. Yohana Mtete.* Mtu mmoja nje akalia kwa furaha. Dakika kumi. Kumi na mbili. *311. Yuda Kalinga.* Kalamu yake ilikuwa tayari kwenye karatasi, imekwishaandika Y. Kiduara kilizunguka, kikazunguka.

*312. Zawadi Hume.*

Chini yake palikuwa na mstari mdogo: *Mwisho wa orodha.*

Mama Asteria alimkuta bado ameishika kalamu juu ya ile Y.

"Labda imeruka jina," alisema Mama Asteria.

"Haikuruka. Mimi nimepanga barua miaka thelathini na moja. Haikuruka." Kisha akaimalizia ile Y. Akaandika *Yusto Kabuje*, na mbele yake, kwa mwandiko uleule mzuri, 313.

"Mama Yusto, wakigundua?"

"Watagunduaje? Wao wenyewe ukurasa hauwafungukii."

Na ilikuwa kweli. Jumatatu, pale kwenye lango la kiwanda cha sabuni, yule karani mwenye tai pana aliliangalia daftari, akatikisa kichwa kwa heshima mbele ya mwandiko ule, akainakili namba kwenye kitabu chake bila kuuliza lolote. Alifungua mlango wa bati na kuita kwa sauti ndefu:

"Yusto Kabuje! Mia tatu na kumi na tatu!"

Aliita mara ya pili. Alipoita mara ya tatu, sauti ilisema, "Mimi hapa."

Haikuwa sauti ya Yusto.

Alitoka kijana mrefu wa kama miaka ishirini na mitano, anachechemea, kifundo cha mguu kimefungwa kitambaa. Bi Leokadia alikuwa hajamwona maishani mwake. Kijana naye alimtazama mara moja tu, kisha akatazama chini, midomo imekauka.

"Ndiye huyu mwanao, Mama?" karani aliuliza, kalamu hewani. "Maana tumeshapata wanaojifanya. Akiwa siye, huyu anarudi ndani na shitaka juu. Akiwa ndiye, saini hapa, na ujue mzazi mmoja anapokea mgeni mmoja. Ukishampokea Yusto, Yusto amepokelewa. Hutakuja kumdai tena."

Bi Leokadia alisikia kila neno. Alielewa kwamba akisaini, hakutakuwa tena na Yusto wa kumtafuta katika nchi ile. Karatasi itasema yuko nyumbani, amekula na kulala. Aliitazama mikono ya yule kijana. Ilikuwa imejishika yenyewe kwa nguvu.

"Ndiye," alisema.

Akasaini. Akamshika mkono, wakatembea mpaka walipopita ukuta wa kiwanda, na hapo kijana akapiga magoti barabarani.

"Nisamehe, Mama. Naitwa Shomari. Mimi si mwanafunzi, nasambaza mikate kwa baiskeli, nilikuwa napita tu. Sina mtu. Nilijua hakuna atakayeniita."

"Inuka, watu wanaangalia. Mwanangu yuko wapi?"

"Walimchukua Jumatano kwa lori la pili, kwenda nyikani. Walisema ndiye kiongozi, kwa sababu alikuwa anazunguka anafunga watu vidonda. Ile karatasi ya kuandika majina ya wanasheria ilipopita, alikuwa anafunga mguu wangu huu. Akasema ataandika akimaliza." Shomari aliutazama mguu wake. "Karatasi haikurudi."

Bi Leokadia alisimama pale juani. Ni hapo tu ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu lile tangazo la redio, na hakujifunika uso.

Kambi ya Uzalendo ina utaratibu wake. Kule hawatumii majina, kwa kuwa majina ndiyo yaliyoleta orodha. Mzazi hujaza fomu ya alama za mwilini, akaulizwa maswali, na majibu yakilingana na mwili, anapewa mwenye mwili huo. Lakini sahihi iliyokwisha kumpokea mtu haipokei tena, na sahihi ya Bi Leokadia ilikuwa imetumika.

"Yangu bado," alisema Mama Asteria jioni ile. "Aliyesaini kwa Asteria ni baba yake. Mimi yangu haijatumika."

Wakakaa jikoni, magoti yakigusana, fomu katikati.

"Kovu liko wapi?" aliuliza Bi Leokadia.

"Chini ya goti la kulia."

"Kushoto."

"Kushoto. La bati. Alikuwa na miaka sita, anakimbia mvua."

"Alizaliwa siku gani?"

"Ijumaa, mvua inanyesha."

"Mvua ni ya bati, Mama Asteria! Alizaliwa jua kali, nilitembea mwenyewe mpaka hospitali!" Alikuwa amepiga meza. Kisha akaendelea polepole, akamweleza alivyokuwa analala, jinsi alivyochelewa kuota meno, sikio lipi husikia vizuri zaidi, mpaka Mama Asteria akawa anajua yote, na yeye Bi Leokadia akainama kwa uchovu kama mtu aliyegawa kitu chake cha mwisho.

Yusto alirudi siku ya kumi na tisa, amekonda, nywele zimenyolewa. Kwenye karatasi za serikali sasa ni mtoto wa Mama Asteria, hana jina, ana kovu. Shomari ndiye Yusto Kabuje, na akija afisa kukagua, ndiye anayeitika. Matokeo ya mtihani yalitoka mwezi uliofuata; Yusto Kabuje alifaulu vizuri sana, na msambaza mikate akaitwa jukwaani kupokea cheti mbele ya Waziri. Hakuna aliyelalamika. Nchi yetu haina watu wa kulalamika.

Ila Yusto hakulala vizuri. Kule kambini alikuwa amewaacha kumi na wanne wasio na mtu wa kujaza fomu. Lakini aliwafunga vidonda kila siku, na miili yao aliijua. Jumapili moja baada ya ibada alikaa sebuleni akazitaja alama zao moja moja, mama yake akaandika, na majirani wakaitwa.

"Wa kwanza anaitwa Gaudensi," Bi Leokadia alisema. "Wazazi wake walikufa. Anatakiwa mzazi. Nani?"

Watu walitazamana. Wengi walikuwa wamekwisha kusaini kwa wa kwao, na wengine waliogopa, na hakuna wa kuwalaumu. Mtu mmoja akakohoa. Kisha pale karibu na mlango akainuka Bwana Tegemeo, kinyozi wa mtaani, mtu wa miaka hamsini na kitu ambaye hakuwahi kuoa na hakuzoea kusema mbele za watu. Alivua kofia.

"Mimi sijawahi kuwa na mtoto," alisema, "sijui wazazi wanaulizwa nini. Lakini nifundisheni. Huyo Gaudensi ana alama gani?"